Lenzi Moja Uliyoizoea

Mwanangu,

Orodha uliyoiacha mezani niliisoma jana usiku, na leo baada ya chai nimeisoma tena. Kamera mbili. Lenzi tano. Droni. Stendi kubwa. Flashi. Pembeni umeandika bei, chini umejumlisha. Jumla hiyo imenikaa moyoni, kwa sababu najua unaipata wapi. Najua unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu.

Safari yenyewe ni siku tano. Tarangire, Ngorongoro, kisha Ndutu, mwezi wa pili. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Nilipokuwa na umri wako sikuwa nimefika hata Manyara, na nimezaliwa hapahapa Moshi, mahali ambapo magari ya wageni hupita kila siku. Basi usisome haya kama maneno ya kukukataza. Vuta kiti. Nataka tuipunguze orodha hii pamoja, na kila ninachokitoa nikueleze sababu yake. Karibu yote nilijifunza kwa kukosea.

Droni tuitoe kwanza. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kurushwa bila kibali maalumu, na mlio wake huwashtua wanyama. Flashi nayo ibaki nyumbani. Simba aliye mita 60 haimfikii, na aliye karibu hastahili kumulikwa machoni. Hayo ni mepesi. Yaliyobaki ndiyo yanataka muda.

Mwaka 1996 wewe ulikuwa hujazaliwa. Studio yangu ilikuwa na miaka sita. Unaikumbuka, lile pazia la bluu, kile kiti kirefu, wanafunzi wa kidato cha nne wakipanga foleni ya picha za pasipoti. Mimi na mama yako tulipata nafasi mbili kwenye gari la walimu waliokuwa wanakwenda Ngorongoro. Barabara ya kutoka Makuyuni hadi Karatu ilikuwa bado ya vumbi. Siku mbili kabla ya kuondoka nikaazima kwa rafiki lenzi ya milimita 400. Ilikuwa ndefu, nzito, chuma kitupu. Niliona fahari kuibeba. Sikuijaribu hata mara moja. Nilijiambia, mimi nashika kamera kila siku, hii nayo ni lenzi tu.

Nilisahau kwamba mtu wa pasipoti ukimwambia atulie, anatulia.

Tulishuka kwenye kreta asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala ukingoni. Chini kabisa tukamkuta kifaru na mtoto wake, karibu kuliko kawaida. Dereva akazima gari. Watu wote wakanyamaza. Filamu yangu ilikuwa ISO 100, ileile niliyozoea kupigia harusi juani. Mwanga ulikuwa hafifu. Kipimo cha kamera kikanionyesha 1/60 ya sekunde. Lenzi ya milimita 400 haishikiki mkononi kwa 1/60. Kanuni ya zamani inasema lenzi ya 400 inataka angalau 1/400, maana kadiri inavyovuta mnyama ndivyo inavyovuta na mtetemo wa mkono wako. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini kifaru alikuwa mbele yangu, nami nilikuwa na haraka. Nikapiga na kupiga mpaka filamu ya picha 36 ikaisha. Iliporudi kutoka kusafishwa nikaziangalia moja moja. Vifaru 36, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jicho.

Ninachotaka ukishike hapo ni kwamba lenzi ile haikuwa mbaya. Rafiki yangu aliitumia miaka mingi akapata picha nzuri. Mikono yangu ndiyo ilikuwa haijaijua, na kule porini hakuna muda wa kujuana.

Kamera za siku hizi husamehe mengi. Hiyo unayoitaka inaweza kufika ISO 3200 na picha ikabaki safi, jambo ambalo kwenye filamu tusingelithubutu. Kwa hiyo lenzi ya bei ya gari, ile yenye tundu pana la f/2.8 au f/4, huihitaji. Chukua yenye tundu dogo zaidi, f/5.6 au f/6.3, na pale mwanga unapopungua pandisha ISO bila woga. Chembechembe kidogo kwenye picha mtu huzivumilia. Picha iliyocheza haina dawa. Mnyama anayetembea mpe 1/1000. Duma akikimbia, au ndege akiruka, mpe 1/2000. Aliyelala usingizi, 1/250 inatosha. Na usidanganyike na ile namna ya lenzi kujituliza yenyewe. Inatuliza mkono wako. Swala haimtulizi.

Sasa ni ndefu kiasi gani? Hapa ndipo vijana wengi mnapopoteza fedha. Kamera uliyoiandika kwanza ina sensa ndogo kidogo, si ile kubwa ya milimita 36 kwa 24. Wauzaji huisema kama aibu. Kwa wanyama ni faida. Sensa hiyo hukata kingo za picha, kama mtu anayechungulia nje kupitia dirisha badala ya mlango. Lenzi ya milimita 300 juu yake huona kama ya 450. Kwa tembo wa Tarangire hiyo inazidi, kwa maana hupita karibu na gari mpaka unasikia tumbo likinguruma. Kwa simba na twiga inatosha. Kwa ndege wadogo utaona pungufu, na hapo ukipata ya 100 hadi 400 umemaliza kazi. Kwa kifaru wa Ngorongoro mara nyingi hakuna lenzi itakayotosha, kwa sababu gari haliruhusiwi kuacha njia, naye hupenda kukaa mbali.

Ile ya 150 hadi 600 uliyoiwekea nyota, nimeona uzito wake. Ni kama kilo 2. Nenda jikoni, chukua mfuko wa unga wa kilo 2, uinue mbele ya uso wako, ukae hivyo dakika tano huku unamngoja chui ashuke mtini. Kisha urudi tuzungumze. Sisemi usiichukue. Nasema mkono wako ujibu kwanza, si macho yako.

Ukinunua iliyotumika, na mimi ningenunua iliyotumika, imulike kwa tochi kutoka nyuma. Angalia ndani kama kuna nyuzi nyeupe zilizotandaa kama utando wa buibui. Huo ni ukungu unaoota kwenye vioo. Lenzi nyingi zilizokaa Dar au Tanga bila kutumiwa hupatwa nao, kwa joto na unyevu wa pwani. Utando ukishaula uso wa kioo, hata ukisafishwa alama hubaki. Au usinunue kabisa. Kodi, lakini ikodi mapema ili uwe nayo siku mbili tatu kabla hujaondoka. Siku hizo zina thamani kuliko lenzi yenyewe.

Lenzi mbili zinatosha. Ndefu hiyo moja, na ile fupi ya 18 hadi 55 inayokuja na kamera, ambayo watu huidharau kwa sababu wamepewa. Tatu nyingine zifute.

Najua unalolifikiria: kamera mbili, kila moja na lenzi yake, ili usibadilishe vumbini. Hapo umewaza vizuri, na kama ungekuwa nazo tayari nisingekupinga. Vumbi nililionja mwaka 2014, safari niliyokwenda na shangazi yako na watoto wake. Tulikuwa tunashuka kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, nyanda zote zimekauka, magari yakipishana. Nikaona anga zuri lenye mawingu. Nikafungua kamera, nikatoa lenzi ndefu, nikaweka fupi, dirisha likiwa wazi. Haikuchukua hata sekunde kumi. Jioni nilipoziangalia picha, kila anga lilikuwa na madoadoa meusi, mahali palepale, kwenye picha zaidi ya mia mbili. Chembe za vumbi zilikuwa zimekaa juu ya sensa tangu saa tano asubuhi.

Kwa hiyo ukibadilisha lenzi, gari limesimama, madirisha yamefungwa, kamera imeinamishwa uso chini, na upepo umetulia. Au acha. Simu yako ina kamera nzuri ya mandhari. Weka lenzi ndefu kwenye kamera asubuhi, na mbuga ile pana uipige kwa simu. Hakuna atakayekuuliza. Na ufunike kamera njiani. Zamani tulitumia rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na ni vizuri. Foronya ya mto inafaa. Kanga inafaa zaidi, kwa sababu unaitupia tu na kuitoa kwa mkono mmoja.

Stendi nayo ibaki. Ndani ya gari la safari haina pa kusimama, na kila mtu akisogea inatikisika. Badala yake nenda kwa fundi cherehani, akushonee mfuko wa turubai au jinzi, ukubwa wa mto mdogo wa kochi, wenye zipu. Safiri nao ukiwa mtupu. Ukifika Karatu, ingia sokoni, nunua kilo 3 za maharage au mchele, ujaze. Uweke juu ya ukingo wa paa la gari likiwa limefunguliwa, au dirishani, na lenzi uilaze juu yake. Lenzi inatulia kama mtoto aliyeshiba. Siku ya mwisho mchele mpe dereva akapike kwake. Kifaa hicho ndicho bora nilichowahi kumiliki, na gharama yake ni ya fundi tu. Umwombe dereva azime injini kabla hujapiga. Ukiulaza mfuko juu ya gari linalounguruma, umeilaza kamera juu ya mashine ya kusaga.

Betri tatu, kadi mbili, chaja ya kwenye gari. Usifute picha usiku ukiwa umechoka. Hayo umeshaandika, yabaki.

Nataka nikae kidogo kwenye mandhari, kwa sababu ndipo nilipochelewa zaidi kuelewa. Umeandika lenzi pana sana, ya milimita 10, ukaweka neno "milima". Toka hapa nje asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mawingu hayajapanda. Mtazame Kibo. Mlima wa mita 5,895, umejaa mbinguni, unautisha mji. Kisha upige kwa lenzi pana. Utashangaa. Mlima unanywea. Unakuwa kichuguu cheupe nyuma ya nyaya za umeme na mabati. Nilipiga picha hiyo kwa miaka, nikadhani kamera haina nguvu. Siku moja nikiwa na lenzi ya milimita 135 shingoni, nikageuka nikaupiga kwa bahati. Ukatokea jinsi unavyousikia kifuani. Lenzi pana husukuma vitu vya mbali viwe mbali zaidi. Lenzi ndefu huvivuta, mgomba wa jirani na theluji vikakaa pamoja. Utakapoona miamba na miti ya mgunga imepangana mmoja nyuma ya mwingine, mwanga ukiwa ubavuni, tumia lenzi ndefu hata kwa ardhi. Lenzi pana itafute pale unapokuwa na kitu karibu na miguu yako, mbuyu wa Tarangire, au mawingu makubwa ya masika.

Na mwanga, mwanangu, haukusubiri. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua letu halipandi kwa kupinda kama la Ulaya, linachomoza na kwenda juu moja kwa moja. Ule mwanga laini wa asubuhi ni mfupi. Ikifika saa nne ardhi imepata moto, na hewa inaanza kucheza juu ya nyasi. Hapo hata lenzi ya bei ya nyumba itakuletea swala anayeyeyuka. Kosa hilo si la kamera. Msogelee mnyama, au funga kamera ule ndizi. Waambie mapema wenzako wa gari kwamba unataka kutoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mkibaki kwenye chai hadi saa mbili, umeiacha nusu ya fedha yako mezani.

Pale Ndutu aliishi miaka mingi Mholanzi mmoja, Hugo van Lawick. Alizaliwa 1937, akafariki Dar es Salaam 2002. Alikaa kwenye mahema kule porini, akifuatilia mbwa mwitu, fisi, na duma, akipiga picha na filamu zilizotazamwa dunia nzima. Nilipokuwa kijana nilidhani siri yake ni kamera zake. Alikuwa nazo nzuri, ni kweli. Lakini alikuwepo. Mnyama alipofanya jambo ambalo hulifanya mara moja kwa mwaka, yeye alikuwepo siku hiyo. Wewe una usiku mbili. Basi usizitumie kukimbia. Februari nyumbu wanazaa kule, kwa maelfu, na ndama husimama dakika chache baada ya kudondoka. Mkimpata mmoja aliyelala chini anahangaika, mwombe dereva mbaki, mbali kidogo, injini imezimwa. Redio itaita kwamba kuna simba mahali fulani. Magari yatatimka. Ninyi mbaki. Simba utamkuta amelala, na ataendelea kulala.

Nimebakiza jambo moja, nalo nimeliacha hadi sasa kwa sababu si rahisi.

Siku ile ya 1996, kabla hatujashuka kwenye kreta, gari lilisimama ukingoni. Pale ni juu, mita 2,300 hivi, na baridi inauma. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Walimu wakarudi garini. Mama yako akabaki amesimama, kanga mbili mabegani, anangoja. Ghafla ukungu ukafunguka. Kreta yote ikatokea chini yake, mita 600 kwenda chini, ziwa linang'aa, na vivuli vya mawingu vinatembea. Akageuka kuniangalia. Uso ule sijauona kwake tena, si harusini, si siku ulipozaliwa. Akasema, "Nipige hapa."

Kwenye kamera nilikuwa na lenzi ya 400. Pale alipokuwa, hatua tano, hata kufokasi isingeweza. Nikamwambia, ngoja nibadilishe. Lenzi fupi ilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya mkate na sweta, kwa sababu nilikuwa nimekuja kwa ajili ya wanyama. Nikainama nikatafuta. Nilipoinuka, ukungu ulikuwa umerudi. Yeye akacheka tu, akasema tutarudi siku nyingine. Hatukurudi. Wewe ulikuja, ada zikaja, kisha ugonjwa ukaja. Mwaka 2011 tulipomzika, picha tuliyoweka juu ya jeneza ilikuwa ya pasipoti, ile ya pazia la bluu. Niliipiga mimi.

Kwa hiyo lenzi fupi iwe mfukoni, si begini. Mkisimama ukingoni, iwe ndiyo iliyoko kwenye kamera. Mpige dereva. Mpige rafiki yako akiwa amejikunyata na blanketi. Umpe mtu kamera akupige na wewe, usikatae kwa kujiona umechoka.

Orodha mpya nimeiandika nyuma ya karatasi yako: kamera moja, lenzi mbili, mfuko wa fundi, foronya, betri tatu. Fedha iliyobaki ongezea usiku mmoja Ndutu.

Jumamosi njoo na kamera utakayokuwa umeipata, hata kama bado ni ya kuazima. Njoo kabla jua halijachomoza. Tutakaa hapa barazani, utafungua na kufunga lenzi ukiwa umefumba macho mpaka vidole vijue vyenyewe, kisha utajifunza kupandisha ISO bila kutazama kitufe. Ndege chozi wanakuja kwenye maua ya mgomba kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Ni wadogo, hawatulii. Na mbwa wa jirani hukatiza uani kila asubuhi, mbio, muda huohuo. Tutaanza na yeye.